Barua mbili za uwanja mmoja

Ninaishi kwa kuchapa. Steshenari yangu ipo jirani na Soko la Majengo hapa Dodoma: kompyuta mbili, mashine moja ya kutoa nakala ambayo hukwamisha karatasi kila vumbi la mwezi wa Agosti linapozidi, na benchi la mbao ambalo wateja hukalia wakingoja zamu. Watu hudhani nauza karatasi, lakini ninachouza hasa ni lugha ya barua, kwa sababu wengi hufika na jambo lao likiwa kichwani au kwenye ukurasa wa daftari, nami ndiye ninayejua kwamba "Yah:" huja kabla ya salamu, kwamba nakala ya barua ya mkutano wa hadhara hupelekwa polisi, na kwamba mtendaji wa kata huanza kusoma kutoka chini, penye mhuri.

Wiki chache zilizopita walifika wateja wawili kwa wakati mmoja, mchungaji wa kanisa dogo la kilokole na ustaadhi anayefundisha madrasa mtaa wa pili yake. Mchungaji alitaka barua ya kuomba uwanja wa mtaa kwa mkutano wa injili wa siku nne, Alhamisi hadi Jumapili, kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni. Nilipomaliza ya kwake nikageukia daftari la ustaadhi, nikakuta ni muhadhara, kwenye uwanja uleule, siku zilezile. Mchapaji hutunza siri za watu, kwa hiyo sikusema neno, lakini mashine haina siri: barua ya mchungaji ilitoka ikiwa imegeukia juu, na ustaadhi akaisoma akiwa benchini.

"Mchungaji," alisema kwa upole kabisa, "kumbe uwanja ni huohuo?"

Mchungaji akacheka. "Basi tuachieni sisi, Ustaadhi. Ninyi spika zenu hata mkizifunga Chang'ombe tutawasikia."

Walicheka wote, lakini hakuna aliyebadili tarehe, kwa kuwa kila mmoja aliamini kwamba barua itakayotangulia kufika mezani ndiyo itakayoshinda. Walipoondoka nilibaki na nakala zao kwenye kompyuta, nikaona jambo ambalo sikuwa nimelitazama vizuri kwa miaka yote niliyofanya kazi hii. Barua zote mbili zilikuwa na sentensi moja ambayo hakuna kati yao aliyeniagiza kuiandika, isipokuwa mimi mwenyewe huiweka kwa mazoea, kwa sababu najua barua isiyo nayo hurudishwa: "Tunaahidi kwamba hatutakashifu dini wala dhehebu lingine lolote." Nimeichapa mara nyingi kiasi kwamba vidole vyangu vinaifahamu kuliko macho yangu. Usiku ule nilijiuliza kama kuna mhubiri anayeweza kuitimiza.

Mchungaji yule hawezi kuhubiri siku nne bila kusema kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu. Ustaadhi hawezi kumaliza muhadhara bila kusema kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Kila mmoja anapotamka kiini cha imani yake anakanusha kiini cha imani ya mwenzake, na msikilizaji mwenye moyo mwepesi akipita na baiskeli anaweza kusema amekashifiwa. Hili si la kufikirika. Jirani zetu wa Morogoro walishuhudia mtu, Hamisi Rajabu Dibagula, akitiwa hatiani na mahakama ya wilaya chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza kutamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mtu mwingine, na maneno yenyewe yalikuwa kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 53 ya mwaka 2001, na huko hatia ikafutwa. Ninavyoielewa hukumu ile, mimi nisiye mwanasheria, kutangaza kile ambacho dini yako inaamini hakuwezi kugeuzwa kuwa kusudi la kumuumiza jirani kwa sababu tu jirani ameumia.

Na Katiba yetu iko upande huo. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977, iliyoingizwa pamoja na haki nyingine za msingi kwa mabadiliko ya mwaka 1984, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini au imani yake, kisha inataja waziwazi kazi ya kutangaza na kueneza dini, na kusema ni huru na ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Si katiba zote zenye ukarimu huo. Ile ya Malesia, katika ibara ya 11, inaruhusu sheria za majimbo kudhibiti uenezaji wa mafundisho ya dini nyingine miongoni mwa Waislamu. Lakini mlango wetu nao una komeo: ibara hiyohiyo inaweka haki hizi chini ya taratibu za sheria zilizo muhimu kwa usalama, amani na maadili ya jamii na umoja wa kitaifa. Sentensi yangu ya barua imetundikwa kwenye komeo hilo.

Sitaki kulidharau komeo. Mimi ni mtoto wa baba Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, na mama Mgogo aliyelelewa katika Anglikana upande wa Mvumi, na ndani ya nyumba yetu Idi na Krismasi zilikuwa zamu mbili za kula pilau. Anayezungumzia amani ya dini Tanzania kama maneno ya majukwaani hajakaa katika nyumba kama ile. Na aliyekuwa Dar es Salaam Oktoba 2012 anakumbuka namna ugomvi wa watoto wawili wa Mbagala, mmoja akiwa ameikojolea Kurani, ulivyoishia kwenye makanisa yaliyochomwa moto. Dola yetu imeyaogopa mambo haya kwa muda mrefu; sensa ya mwisho kumuuliza Mtanzania dini yake ilikuwa ya mwaka 1967. Kwa hiyo mtendaji anayeuliza mtasema nini uwanjani si adui wa dini. Shida yangu ni kwamba anauliza swali la mahali pasipo na hatari kubwa.

Uwanjani, msikilizaji ana miguu. Asipopenda anaondoka, na mara nyingi huondoka. Nimeona wahubiri wakiwahubiria watoto wanaosubiri mpira wao na bibi mmoja muuza karanga. Hapo ndipo sheria za nchi nyingi zinapoelekeza nguvu zao, na ukizisoma kwa macho ya mchapaji utaona kwamba karibu zote ni sheria za karatasi. Urusi, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inamtaka anayefanya kazi ya umisionari awe na hati ya kundi lililosajiliwa, na inakataza kazi hiyo katika nyumba za kuishi watu isipokuwa kwa mambo machache. Nchini India, jimbo la Uttar Pradesh, kwa sheria ya mwaka 2021, linamtaka mtu anayekusudia kubadili dini kumpa hakimu wa wilaya tamko siku 60 kabla. Nilijaribu kufikiria ningeichapaje barua hiyo. Yah: Kusudio la kubadili dini. Nakala: nani? Mama yake? Siku 60 ni muda wa kutosha kwa mtaa mzima kujua, kwa wajomba kuitisha kikao, kwa mwenye nyumba kukumbuka kwamba kodi imepanda.

Waliotunga sheria za India wana hoja, na ni haki kuisikiliza. Sheria hizi zilianza zamani, Orissa mwaka 1967 na Madhya Pradesh mwaka 1968, zikiita yale zinayoyakataza kuwa nguvu, ushawishi, yaani kumvuta mtu kwa zawadi au manufaa, na ulaghai. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika shauri la padri Stainislaus, ilisema kwamba haki ya kueneza dini iliyomo katika katiba yao haimaanishi haki ya kumbadilisha mtu mwingine dini. Kwa mujibu wa hukumu hiyo, unaweza kutandaza imani yako mbele ya watu, lakini huna haki juu ya moyo wa mwenzako. Jambo hilo linaonekana la busara mpaka uulize ni nani huthibitisha kwamba aliyeongoka alishawishiwa. Nepali wameenda mbali zaidi: katiba yao ya mwaka 2015 inakataza kumbadilisha mtu dini, na sheria ya adhabu iliyoanza kutumika mwaka 2018 inafikia kifungo cha miaka 5.

Kisa kinachonikaa zaidi ni cha Ugiriki. Mzee Minos Kokkinakis, mfanyabiashara mstaafu wa Sitia katika kisiwa cha Krete, alizaliwa katika familia ya Kiorthodoksi mwaka 1919, akawa Shahidi wa Yehova mwaka 1936, na tangu hapo alikamatwa zaidi ya mara 60, kwa kuwa katiba ya Ugiriki inakataza kueneza dini kwa kuvuta watu na sheria za miaka ya 1938 na 1939 ziliweka adhabu. Machi 1986 yeye na mkewe walibisha hodi kwa mama mmoja, wakakaribishwa, wakazungumza naye. Mume wa mama huyo, mwimbaji wa kanisa la Kiorthodoksi la pale, aliwaita polisi. Mzee akahukumiwa kifungo cha miezi 4, kilichopunguzwa hadi 3 kwenye rufaa. Mwaka 1993 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kwa majaji 6 dhidi ya 3, iliamua kwamba haki yake ya dini ilivunjwa, na ikatofautisha kutoa ushuhuda na kuvuta watu kwa njia zisizofaa kama rushwa, shinikizo au kuwaonea walio katika dhiki.

Wengi huishia hapo na kushangilia. Mimi nashauri wasome na lile la mwaka 1998, la maofisa watatu wa jeshi la anga la nchi hiyohiyo, Wapentekoste, waliowahubiria askari wa chini yao na raia wa nje. Kuhusu raia, mahakama ileile ilisema maofisa walionewa. Kuhusu askari ilisema hapana, kwa sababu kuruta hawezi kumwambia ofisa wake "samahani, sina muda" na kufunga mlango. Maneno ni yaleyale na mhubiri ni yuleyule, lakini hukumu ni mbili, kwa kuwa msikilizaji mmoja ana mlango na mwingine hana.

Nilipolisoma hilo nilimkumbuka shangazi yangu wa Kondoa, Mungu amrehemu, mwanamke wa swala tano na mkono mwepesi wa kutoa. Alikuwa na binti wa kazi kutoka Bahi, Mkristo, wa miaka kama 16. Wiki ya kwanza alimfundisha kupika wali wa nazi, wiki ya pili akaanza kumfundisha udhu, na mwezi haujaisha tulipewa taarifa kwamba binti amesilimu na ana jina jipya. Tulifurahi wote, tukampelekea khanga. Nakumbuka alivyozipokea kwa mikono miwili akiwa ameinamisha macho, na nakumbuka, ingawa wakati ule sikulitia maanani, kwamba mshahara wake ulikuwa unawekwa na shangazi "asije akaupoteza", na nauli ya kurudi Bahi ilikuwa ndani ya mshahara huo. Baada ya mwaka mmoja alirudi kwao, na nasikia Jumapili ya kwanza alikuwa kanisani. Shangazi alilia, akamwita murtadi, yaani aliyeuacha Uislamu. Mimi leo sina uhakika kama aliwahi kuingia.

Hakuna aliyeomba kibali cha muhadhara ule wa jikoni. Hakuna aliyeomba kibali wala pale nilipolaza mwanangu, katika hospitali ambayo sitaitaja, ambapo kila Jumatano kikundi cha waombezi kilipita wodini na sabuni na biskuti, kikaanzia kwenye vitanda ambavyo mama amefumba macho na kuinua mikono. Wale waombezi walikuwa watu wema, na biskuti zilifika hadi kitanda cha mwisho, ila zilifika zikiwa chache. Mtoto mwenye njaa huhesabu vitanda.

Kwa hiyo ningekuwa na sauti mahali zinapoandikwa sheria, na Bunge liko kilomita chache kutoka kwenye benchi langu, ningesema uwanja uachwe huru kuliko ulivyo. Kelele zishughulikiwe kama kelele. Kanuni za mazingira za mwaka 2015 zina viwango vya sauti, na kipimo cha sauti hakiulizi kama ni adhana, kwaya au baa. Anayechochea watu kupigana ashitakiwe kwa uchochezi. Kisha macho yahamie kwa mwajiri, mwalimu wa bweni, mlinzi wa kituo cha watoto yatima, muuguzi wa zamu ya usiku, na msimamizi wa gereza, wote wanaoshika chakula, cheti au ufunguo wa mtu mwingine.

Najua kuna watakaosema kwamba hatari ya leo ni manabii. Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyafuata mafuta ya upako. Kenya, mwaka 2023, ilifukua zaidi ya miili 400 katika msitu wa Shakahola, ya wafuasi walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu. Rwanda ilifunga maelfu ya makanisa mwaka 2018 na kutunga sheria inayomtaka kiongozi wa dini awe na shahada. Sina ugomvi na mlango wa dharura, choo wala idadi ya watu wanaotosha ukumbini. Kuhusu shahada nasita, maana nimechapa wasifu wa watu wenye shahada ambao nisingewakabidhi kuku. Na usajili nao una makali mawili: katiba za makanisa ninazozichapa hupelekwa kwa Msajili wa Jumuiya, katika Wizara ya Mambo ya Ndani, na anayeweza kuandikisha anaweza kufuta, kama ilivyokuwa Juni 2025 kwa Kanisa la Ufufuo na Uzima.

Lakini kuna jambo linaloninyima usingizi katika hoja yangu mwenyewe, nalo limetoka kwa bibi mzaa mama. Wagogo wanaikumbuka njaa ya Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, wakati majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalipokwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, na mvua ikakataa. Baba yake bibi, kwa simulizi ya nyumbani, alikuwa mtoto wakati huo, akapelekwa misheni kwa sababu kulikuwa na uji. Uji ulitangulia, ubatizo ukafuata, na shule ikaja baadaye. Kwa kipimo nilichokiweka hapo juu, mtoto yule hakuwa na mlango. Kwa sheria ya India pengine mmisionari angeshitakiwa kwa ushawishi.

Hata hivyo imani iliyoanza na bakuli ile iliishi. Bibi aliimba katika kwaya iliyotia zeze na ngoma za muheme ndani ya nyimbo za kanisa, na alipokuwa anafariki aliomba kwa Kigogo, si kwa woga wala kwa njaa. Ningemwambia nini? Kwamba imani yake ni ya bandia kwa kuwa babaye alikuwa na tumbo tupu? Siku moja nilimuuliza kama waliokataa kubatizwa walinyimwa uji. Alikuwa anachambua mlenda, akasimamisha mikono, akafikiri kwa muda mrefu. Akasema baba yake hakuwahi kumtajia mtu aliyekataa.

Jibu hilo sijui nilitie katika kifungu gani cha sheria. Linanifanya niamini tu kwamba anayegawa uji ndiye anayepaswa kuulizwa maswali, kabla ya anayeshika kipaza sauti, na kwamba maswali yenyewe yaulizwe mapema, wakati bado kuna mtu anayeweza kukataa. Na aliyekwisha kunywa akaamini aachwe na imani yake.

Siku nne baada ya kuwachapia barua zao, mchungaji na ustaadhi walirudi, safari hii wakiwa wameongozana. Mtendaji alikuwa amezirudisha barua zote mbili, kwa sababu Alhamisi hadi Jumapili ile uwanja ulikwisha kutolewa kwa nusu fainali na fainali ya kombe la mbuzi. Walitaka niwabadilishie tarehe. Mchungaji alichukua wiki iliyofuata na ustaadhi ile ya baada yake, nami nikawatoza shilingi 500 kila mmoja, kwa kuwa mengine yote katika barua yalibaki kama yalivyo, pamoja na ile sentensi.